Tuongeze Hisa au Tuache? Historia ya Swali Moja Kagera

Ndugu msomaji, vijana wengi tukikaa kijiweni pale Bukoba mjini, likitajwa neno "hisa" tunadhani ni habari za wazee wa suti wa Dar es Salaam. Tunatikisa vichwa, tunarudi kwenye mpira. La hasha! Hapa Kagera hisa imeingia mpaka jikoni. Imekaa chini ya godoro la bibi pamoja na kadi ya kliniki na picha ya kipaimara. Na swali gumu kuliko yote kuhusu hisa, lile linalowakosesha usingizi hata matajiri wa Ulaya, wakulima wetu wa kahawa wameulizwa zaidi ya mara moja: chombo ulichoweka fedha zako kinayumba, nacho kinakuomba uongeze nyingine. Utaongeza, au utakunja mikono?

Mimi si mchumi. Niliishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Lakini nimegundua kwamba ukitaka kuwajua watu wa Muleba na Bukoba, wanampenda nani na wanamwogopa nani, fuata fedha zao za kahawa. Basi twende pamoja.

KABLA YA CHETI

Kahawa ilikuwepo kwetu kabla ya Mzungu. Buni za robusta zilichemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa. Mgeni alipoingia nyumbani hakukosa kupewa akamwani. Watawala wa zamani, Abakama, waliibana sana kahawa, na si kila mtu aliruhusiwa kujipandia atakavyo.

Ndani ya tunda moja la kahawa mna mbegu mbili zilizolaliana kama mapacha. Wazee waliliona hilo, wakalifanya mkataba. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana karibu na kitovu, mbegu ikapakwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Huo uliitwa omukago. Ukishaula, shida ya mwenzako ni yako. Akija usiku ana njaa au anafukuzwa, unafungua mlango. Humwambii, "Hebu kwanza nionyeshe hesabu zako."

Naomba uliweke hilo moyoni, maana tutalihitaji huko mbele. Ndugu wa omukago hadaiwi vitabu. Mwenye hisa, kazi yake ya kwanza ni kudai vitabu. Sisi tumerithi ya kwanza, na hiyo ya pili tunajifunza taratibu, tena kwa kuumia.

USHIRIKA UNAZALIWA

Wakoloni walipoifanya kahawa kuwa zao la kuuza nje, Bukoba ilichangamka. Miaka ya 1920 bei ilipanda, watu wakajenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Lakini aliyepata zaidi ni mnunuzi wa katikati. Ndipo wakatokea watu kama Klemens Kiiza, Mhaya aliyeingia mwenyewe katika biashara ya kukoboa na kuuza kahawa, akawa kiongozi katika chama cha wakulima kilichoitwa Native Growers Association. Mwaka 1937 serikali ya Mwingereza ilipobana sheria za kilimo cha kahawa, wananchi waliwaka na zikatokea vurugu. Chama kile hakikudumu, ila mbegu ilikuwa imekwisha angukia udongoni.

Mwaka 1950 ikazaliwa Bukoba Native Co-operative Union, BNCU. Huyo ndiye babu wa KCU tunayoijua leo. Vyama vya msingi vilienea vijijini, vikakusanya kahawa ya maganda, vikaipeleka mjini kukobolewa na kuuzwa. Meneja wake mkuu katika miaka hiyo ya 1950 alikuwa kijana George Kahama, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na pia akaongoza Shirika la Maendeleo la Taifa. Unaona? Ofisi ya kahawa ilikuwa shule ya uongozi.

Sasa, kujiunga na chama kulitaka kiingilio na hisa. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hatulijui, na mimi mwenyewe lilinifumbua macho. Katika ushirika, mwanachama mmoja ana kura moja. Uwe na hisa moja, uwe na hisa mia, mkononi una kura moja tu. Kanuni hiyo ni nzuri, maana tajiri hawezi kuununua mkutano. Lakini ina upande wake wa pili: chama kikiyumba na wewe ukaongeza hisa, umeongeza mzigo wako bila kuongeza sauti yako. Katika kampuni ni kinyume. Kule hisa ndizo kura. Anayeongeza hisa anausogeza mkono wake karibu na usukani.

Halafu likaja pigo la mwaka 1976. Mwezi Mei mwaka huo serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi zao wakapewa mamlaka za mazao. Kwa kahawa ikawa Mamlaka ya Kahawa. Mwanachama wa Kamachumu au Nshamba hakuitwa mkutanoni kuulizwa kama anakubali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na mwaka 1984 vyama vikuu vikaanza tena. Baadaye Karagwe wakajitenga na kuwa na chama chao, na huku kwetu ikabaki KCU (1990) Ltd. Lakini mtu aliyekwisha nyang'anywa mara moja hawi yule yule tena. Ukimwomba achangie, anakutazama usoni kwanza.

KIWANDA CHA KAHAWA YA UNGA

Pale Bukoba pana kiwanda ambacho kila Mtanzania amekunywa jasho lake: Tanica. Kampuni iliandikishwa mwaka 1963 na uzalishaji ukaanza mwaka 1967. Kile kikopo cha Africafe unachokiona kwenye duka la Mangi, ama mezani kwa mgeni wa heshima, kimetoka kwetu. Kazi yake ukiielezwa ni kama hadithi: kahawa inakaangwa, inasagwa, inakamuliwa utomvu wake kwa maji ya moto yenye shinikizo, kisha utomvu huo unanyunyizwa ndani ya mnara wenye hewa ya moto. Matone yakifika chini yamekwisha kuwa unga.

Kwa mkulima maana yake ni kubwa. Akiuza maganda anauza kitu cha bei ya chini kabisa katika safari nzima ya kahawa. Akiwa na sehemu ya kiwanda, ana sehemu ya bei ya kikopo. Hapo ndipo hadithi ya hisa inapokolea.

Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa ya kuuza duniani ulivunjika. Bei ikaporomoka. Miaka michache baadaye serikali ikafungua milango, na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na fedha taslimu mkononi. KCU ikajikuta inashindana na watu wenye magari mapya, huku yenyewe ikiwa na madeni ya zamani na mzani uliochakaa. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1990 ilikuwa imeanza kuuza sehemu ya kahawa yake Ulaya kwa utaratibu wa biashara ya haki, ule ulioanzia Uholanzi mwaka 1988 kwa jina la Max Havelaar. Mnunuzi wa utaratibu huo analipa bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, na juu yake anaongeza fungu la maendeleo. Fungu hilo wakulima wenyewe ndio wanaoamua litumikeje.

Hebu jiweke mahali pao. Darasa la shule ya msingi halina sakafu. Zahanati iko mbali. Mkulima ana shida mpaka ameuza kahawa ikiwa bado maua, biashara ile tunayoiita butura: unapewa vishilingi leo, mwenye fedha anakuja kuvuna mtini msimu ukifika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Fungu hili tusigawane, tununue hisa za Tanica," anakuona umechanganyikiwa. Na kiwanda chenyewe hakikuwa na raha. Kahawa ya kusaga inataka kununuliwa kwa mkupuo wakati wa msimu, lakini vikopo vinauzwa kidogo kidogo mwaka mzima. Kati ya hapo fedha zinatoka wapi? Kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulitegemea laini ya kutoka Uganda. Kwenye rafu za duka, Africafe ilikuwa inabanana na Nescafé, yenye mfuko usio na mwisho.

Pamoja na hayo yote, sehemu ya fungu lile la biashara ya haki ilitumika kununua hisa za Tanica, na KCU ikaishia kuwa mwenye hisa nyingi kuliko wote. Walikuwa wendawazimu? Mimi nasema hapana. Kwa sababu Tanica ni kampuni, kila hisa iliyoongezwa ilikuwa kura iliyoongezwa. Wakulima kupitia chama chao walikuwa wananunua haki ya kuamua nani aendeshe kiwanda na anunue kahawa ya nani. Kama faida ingechelewa, mkono ungekuwa bado uko kwenye usukani. Unaweza kubishana nao kama usukani huo wameushika vizuri tangu hapo, na wapo wazee Bukoba watakaobishana nawe mpaka jua lizame. Lakini walichokuwa wanakinunua kilikuwa kinaeleweka.

BENKI ILIYOFUNGWA

Sasa tazama upande wa pili. Kagera ilikuwa na benki yake, Kagera Farmers' Cooperative Bank, benki ya wakulima ya ushirika, makao yake makuu papa hapa Bukoba. Wazo lilikuwa zuri: fedha za kahawa zisisafiri kwenda Dar es Salaam halafu zirudi kwetu zikiwa mikopo ya masharti magumu. Zizunguke hapa hapa.

Benki, kama ng'ombe, ina kiwango cha damu ambacho ikishuka chini yake haiwezi kusimama. Damu hiyo inaitwa mtaji. Benki Kuu inaweka kiwango cha chini, na benki isiyokifikia inaambiwa iongeze. Nani ataongeza? Wenye hisa. Kwa hiyo lile swali letu likarudi kwa sura ya mabenki: tuongeze au tuache?

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia benki tano kwa upungufu wa mtaji, na ya Kagera ilikuwa mojawapo. Bodi ya Bima ya Amana ikawekwa kuwa mfilisi. Wakati ule mwenye akiba alilindwa mpaka shilingi 1,500,000; kilichozidi hapo kilisubiri ufilisi.

Na mwenye hisa je? Hapa ndipo panapochoma, na ni vizuri kila kijana apajue. Kampuni ikifa kuna foleni. Wa mbele ni wenye amana na wadai. Mwenye hisa yuko mkiani kabisa, analipwa kile kilichobaki baada ya wote kulipwa, na mara nyingi kinachobaki ni samani na ubao wa jina. Mtu aliyeongeza hisa mwaka mmoja kabla ya kufungwa hakuiokoa benki. Alihamisha fedha zake kutoka kwenye foleni ya mbele na kuzipeleka mkiani.

SWALI LILIPOFIKA KWETU

Ndugu msomaji, historia hii sikuitafuta kwa mapenzi ya vitabu. Kijijini kwetu Muleba kuna chama kimoja cha akiba na mikopo, jina lake tuliache. Mikopo mingi ilikuwa haijarudi. Ukatoka wito kwamba kila mwanachama aongeze hisa "tukiokoe chama chetu." Mama yangu ni mwanachama, na alikuwa ameuza kahawa, ana laki tatu mkononi. Akaniita.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Niweke?"

"Mama, wanataka kuzifanyia nini?"

"Kukiokoa chama."

"Kwa kufanya nini hasa?"

Akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Mwanangu, baba yako alipofariki, wale ndio walionikopesha sanda na mchele. Nitawaambiaje sina?"

Unaona omukago ulivyorudi? Laki tatu zile hazikuwa uwekezaji kwake. Zilikuwa deni la utu. Na mimi, na cheti changu cha kidato cha nne, nilitaka kumwambia mambo ya foleni na ufilisi! Ilibidi nitafute maneno mengine. Nikamwambia kwamba deni la utu lipo na lina njia nyingi za kulipwa: kwenda mkutanoni, kumhimiza jirani alipe mkopo wake, hata kuwapa mchele wakifiwa. Lakini fedha ya hisa kwenye chama cha namna ile ukishaiweka huitoi kama akiba, na haikupi kura ya pili. Wakitaka uiongeze, wana wajibu wa kukuonyesha shimo lina kina gani.

Siku ya mkutano mama alisimama. Aliuliza maswali mawili tu: mikopo isiyolipwa ni shilingi ngapi, na taarifa ya mkaguzi iko wapi? Ukumbi ulikaa kimya. Mwenyekiti akajibu kwamba taarifa inaandaliwa. Mama akasema, "Basi, waitu, na mimi fedha yangu inaandaliwa." Watu walicheka, lakini na wengine nao wakaanza kuuliza. Laki tatu zake zikabaki kwenye akiba, zikisubiri karatasi hiyo.

WALIOONGEZA NA WAKAPONA

Usije ukadhani nasema tusiongeze kamwe. Tazama CRDB, benki iliyozaliwa kutokana na ile ya zamani ya ushirika na maendeleo vijijini. Mwaka 2009 iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, hisa ikiuzwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki iliwaomba wenye hisa waongeze: kila mwenye hisa tano aliruhusiwa kununua moja mpya kwa shilingi 350. Walioitikia walilia baadaye. Mikopo mibaya ilipunguza faida, na kufikia mwaka 2019 hisa ilikuwa imeshuka chini ya ile 150 ya miaka kumi nyuma. Mtu mwenye presha angeuza kila kitu. Lakini mwaka 2024 bei ilivuka shilingi 600.

Je, waliovumilia walikuwa na moyo wa chuma? Wengine labda walisahau tu kwamba wana hisa! Ila aliyetaka kujua aliweza kujua. Hesabu zilichapishwa kila robo mwaka, mikopo mibaya ikitajwa kwa tarakimu. Uongozi ulibadilishwa mwaka 2018. Mwenye hisa alikuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuamua, na uamuzi wake hata kama ungekuwa mbaya ulikuwa uamuzi.

Tazama na Moshi. Siku ile ile benki yetu ilipofungwa, Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro, iliyokuwa na ugonjwa huo huo wa mtaji, ilipewa miezi sita ijikomboe. Ikapata mtaji, CRDB ikaingia kuisaidia, na katika mizizi yake ikachipuka Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Kilichoiokoa ni fedha za kutosha zilizoingia kwa mpango, pamoja na mshirika mwenye uzoefu wa kuziba mashimo. Laki tatu tatu za huruma zisingefika.

Na sasa benki hiyo mpya inavitaka vyama vya ushirika nchini vinunue hisa. Swali limerudi mlangoni kwetu, jamani! Mjumbe wa chama cha msingi wa Izigo au Kamachumu atainua mkono mkutanoni, na huenda huyo ni mjomba wako. Msaidie. Muulize fedha mpya inakwenda kununua kitu au kuziba pengo. Muulize inaongeza sauti ya mkulima au inaongeza mzigo wake peke yake. Muulize ameiona kwa macho yake taarifa ya mkaguzi, au ameisikia tu.

Na ninyi wenzangu mnaoota kuandika, mnaohangaika kutafuta visa vya mapenzi vya Masaki ambako hamjawahi hata kulala: nendeni mkaombe kusoma daftari la mihutasari la chama cha msingi cha kijijini kwenu. Kuna watu wamesimama humo, wametaja majina ya wenzao mbele ya kadamnasi, wamelia, wamepiga kura. Riwaya yangu nimeanza kuitafuta humo.